Mtoto Apimwa: Nani Ahukumiwa?

Liko swali ambalo waalimu na wazee wa sharika huulizwa mara kwa mara, nalo lastahili kujibiwa kwa utaratibu. Watu husema hivi: "Watoto wetu wapimwa uzito na urefu, hesabu yaandikwa katika madaftari, madaftari yaenda mjini, nasi twabaki kama tulivyokuwa. Je, ni haki kuwahesabu watoto wa watu namna hii? Na hesabu hiyo ni mali ya nani?" Twataka kulifikiri jambo hili pamoja nanyi, maana si shauri la waganga na makarani peke yao, ni shauri la dhamiri.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa wazee wetu wengi hawakupenda kuhesabu watoto. Mzazi aliyeulizwa ana watoto wangapi alijibu kwa kuzunguka, wala hakutaja idadi. Wako leo wanaoicheka hofu hiyo, lakini sisi hatuicheki, kwa kuwa ndani yake imo akili. Kitu kinachohesabiwa mara nyingi kimekwisha kutakiwa na mtu. Ng'ombe huhesabiwa ili wauzwe, magunia ili yachukuliwe. Tangu mwaka 1898, Wadachi walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika nchi hii, watu walijifunza ya kuwa ahesabuye leo atadai kesho. Basi mama anayesita kumtia mwanawe katika mizani si mjinga. Auliza swali la haki: mwataka nini kwa mtoto wangu?

Nasi tulio wasomaji wa Biblia twajua hesabu za namna mbili. Mfalme Daudi aliwahesabu watu wake ili ajue wingi wa panga zake, na hesabu ile ikawa msiba kwa nchi. Mchungaji aliyekuwa na kondoo mia naye alihesabu, walakini yeye alihesabu ili ajue ni nani aliyepungua, naye alipojua hakuketi, bali alitoka kwenda kumtafuta. Tarakimu ni zile zile, makusudi ni mbali mbali kabisa. Twawezaje kuzitambua namna hizi mbili? Si kwa maneno ya mwenye kuhesabu, maana kila mwenye kuhesabu husema ya kuwa ahesabu kwa wema. Twazitambua kwa lile linalofuata baada ya hesabu.

Mfano wa hesabu ya namna ya pili tunao hapa hapa nchini, wala hatuna haja ya kuutafuta mbali. Katika miaka ya 1983 na 1984 ilianzishwa katika mkoa wa Iringa kazi kubwa ya lishe ya watoto. Serikali ya Tanzania iliifanya pamoja na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la afya, WHO, na lile la watoto, UNICEF, kwa fedha zilizotolewa na Italia. Nayo Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilitoa ujuzi wake. Siku zile Iringa ilikuwa kubwa kuliko leo, maana Njombe haikuwa bado mkoa wa peke yake. Ilitengwa mwaka 2012. Kazi ilianza katika vijiji 168.

Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na Siku ya Afya. Akina mama waliwaleta watoto wasiotimiza miaka mitano, mizani ikatundikwa, kila mtoto akapimwa, na uzito wake ukatiwa alama katika kadi. Kadi ilikuwa na rangi tatu. Mtoto mwenye uzito wa 80 katika 100 ya kipimo cha umri wake, au zaidi, alama yake iliangukia penye kijani. Aliye kati ya 60 na 80, penye kijivu. Aliye chini ya 60, penye nyekundu. Tuseme mtoto ni wa mwaka mmoja, ambaye kipimo chake ni kama kilo 10. Akiwa na kilo 8 au zaidi, yu katika kijani. Akiwa na kilo 7, yu katika kijivu. Asipofikia hata kilo 6, yu katika nyekundu, na hatari i mlangoni. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuiona rangi na kuifahamu.

Lakini jambo jipya halikuwa mizani, kwa kuwa mizani zilikuwako katika zahanati tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa hili, ya kwamba hesabu ilisomwa kijijini penyewe, wala haikupanda kwenda wilayani tu. Kamati ya afya ilijumlisha rangi zote, na Halmashauri ya Kijiji ikaambiwa: wa kijani ni wangapi, wa kijivu wangapi, wa nyekundu wangapi. Kisha waliuliza maswali matatu kwa taratibu. Hali yetu ikoje? Sababu zake ni zipi? Na sisi wenyewe, kwa vitu tulivyo navyo, twaweza kutenda nini? Baada ya miezi mitatu mizani ilitundikwa tena, nayo ikawajibu kama walitenda vema au kama yawapasa kufikiri upya.

Na walivumbua nini? Watu wengi walidhani ya kuwa mtoto hukonda kwa sababu nyumbani hamna chakula. Mara nyingine ndivyo ilivyokuwa. Walakini nyumba zenye mahindi darini nazo zilikuwa na watoto katika kijivu. Ndipo walipoona ya kuwa tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Akila mara mbili tu kwa siku, hata sahani ikijaa, hapati kumtosha. Waliona ya kuwa uji mzito humshibisha kabla ya kumlisha, na uji mwepesi ni maji tu. Waliona ya kuwa malaria, kuhara na surua hunyang'anya mwilini kile kilicholiwa. Tena waliona ya kuwa mama alimaye tangu alfajiri, achotaye maji, akataye kuni na kutwanga, hana saa iliyobaki ya kupika mara nne kwa ajili ya mtoto, hata akijua kabisa ya kuwa yampasa.

Kwa hiyo mashauri yao yalitoka katika sababu zenyewe. Vijiji vilichagua watu wao wafundishwe kuwa wahudumu wa afya. Palifunguliwa mahali pa kulelea na kulishia watoto wakati mama zao wako mashambani. Watu walifundishwa kutumia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao kidogo chake hulainisha uji mzito, hata mtoto aweza kunywa chakula kingi katika kikombe kile kile. Kimea chenyewe hakikuwa kitu kigeni. Bibi zetu walikijua, ila walikijua kwa pombe. Hata mwaka 1988, katika vijiji vile vya kwanza, watoto wenye uzito uliopungua walishuka kutoka kama 56 katika 100 hadi 38, na wenye upungufu mkubwa kutoka kama 6 hadi chini ya 2. Habari hii ilisikiwa mbali. Njia ile ilipelekwa katika mikoa mingine, na mwaka 1990 UNICEF ilipoweka mafundisho yake juu ya sababu za utapiamlo, mengi katika hayo yalikuwa yamejaribiwa kwanza huko Iringa.

Sasa turudi kwa swali letu. Katika kazi ile, ni nani aliyekuwa katika mizani? Macho yanaona mtoto, na mara huhama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama. Mshale unapoonyesha uzito mdogo, wanawake waliopanga mstari hutazamana, na mara nyingine anayepima hukemea: "Mama, humlishi mtoto wako?" Neno hilo ni dogo, lakini tazameni litendalo. Mama yule akitahayari, safari ya pili haji. Atasema ana kazi, au mtoto amelala. Kwa hiyo mtoto aliye dhaifu kupita wote hatoki tena katika hesabu, na daftari laonyesha ya kuwa hali ya kijiji imekuwa njema, kumbe wagonjwa wamebaki nyumbani. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nasi twaongeza ya kuwa mara nyingi mficha maradhi amefundishwa kuyaficha na hao waliomwaibisha. Basi kumwaibisha mama ni kosa mara mbili: ni ukatili kwake, tena ni uongo katika hesabu.

Zaidi ya hayo, aibu ile haina hata sababu ya akili. Fikirini kijiji chenye watoto 50. Akiwako mmoja tu katika kijivu, ni haki kwenda nyumbani kwake kwa upole na kuuliza kuna nini. Lakini wakiwako 20, je, tuseme ya kuwa mama 20 wamekuwa wavivu pamoja katika msimu mmoja? Hasha. Hapo yafaa kuuliza habari za kisima, na umbali wake. Za majira ya kilimo, na nani abakiye na watoto. Za mahindi, yaliuzwa lini na kwa bei gani, na fedha zake zilikwenda wapi. Hesabu ya wengi hubadili swali. Huliondoa mlangoni pa nyumba moja na kuliweka katikati ya mkutano. Ndiyo sababu twasema ya kuwa mtoto ndiye apimwaye, lakini kijiji ndicho kinachohukumiwa.

Wako watakaotupinga hapa, na neno lao si dogo. Watasema: "Mkiigawanya hatia kwa kijiji kizima, hatakuwako mwenye hatia. Jambo la wote si la mtu." Ni kweli ya kuwa hatari hiyo iko. Lakini aibu na wajibu si kitu kimoja, wala kuiondoa ya kwanza si kuufuta wa pili. Hatusemi ya kuwa mama hana wajibu. Twasema ya kuwa hayuko peke yake katika wajibu. Kadi ya mtoto hupewa mama, lakini ghala hufunguliwa na baba. Yeye ndiye auzaye magunia, na yeye ndiye awezaye kusema kwamba gunia hili haliuzwi, ni la mtoto. Je, katika Siku ya Afya akina baba huwa wapi? Mwenyekiti ana wajibu wake wa kuisoma hesabu mkutanoni. Karani ana wajibu wa kuiandika bila kuipamba. Jirani mwenye nguvu ana wajibu juu ya jirani mgonjwa. Wajibu ukigawanywa kwa majina hauwi mwepesi. Wawezekana kutimizwa, basi.

Tena tukumbuke ya kuwa mwili si mtu mzima. Mtoto aweza kuwa katika kijani, naye hasemeshwi na mtu kutwa nzima, hachezi, hajui hadithi hata moja, aogopa kila mkubwa. Mizani haionyeshi hayo. Nchi nyingine zimejaribu kuyapima, na njia yao yatufaa kuijua kwa sababu moja hasa. Huko Kanada, katika mji wa Hamilton, Daktari Dan Offord na mwenzake Magdalena Janus wa chuo kikuu cha McMaster walitengeneza, katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, orodha ya maswali ambayo mwalimu huijibu juu ya watoto walioanza shule. Maswali hayo yahusu mambo matano: afya ya mwili, kupatana na wenzake, utulivu wa moyo, lugha na akili, na uwezo wa kueleza na kufahamu. Mwalimu hujibu juu ya kila mtoto, lakini jibu halitolewi kwa kumtaja mtoto. Latolewa kwa mtaa: katika mtaa huu, katika kila watoto 100, walio nyuma ni wangapi. Australia ilikuwa nchi ya kwanza kuifanya hesabu hiyo kwa nchi nzima, mwaka 2009, nayo huirudia kila miaka mitatu. Mwaka 2024, katika nchi ile yenye utajiri, kama watoto 23 au 24 katika 100 walionekana kuwa dhaifu katika jambo moja au zaidi. Kila mtaa hupewa hesabu yake, ili watu wafikiri wapi pajengwe, wapi paongezwe waalimu, na familia zipi zisaidiwe kabla mtoto hajafika shuleni. Sababu inayotufaa ndiyo hii: watu wale nao wameona ya kuwa swali lililo haki siyo tu kama mtoto yu tayari kwa shule, bali kama mahali alipozaliwa palikuwa tayari kwa mtoto.

Liko jambo jingine linalolitia shauri hili uzito, nalo ni wakati. Waganga hufundisha ya kuwa siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hata mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo siku ambazo mwili na ubongo hujengwa kwa haraka kupita siku zote. Aliyedumaa katika siku hizo si rahisi kuurudisha urefu aliopoteza. Basi, kijiji kinapopanga matumizi yake na kusema, "Mwaka huu tutengeneze ofisi, mambo ya watoto tutayaangalia mwaka ujao," hakikuahirisha kitu, kimekwisha kuamua. Ofisi yaweza kungoja. Mtoto wa miezi minane hatakuwa wa miezi minane mwakani. Hatusemi ya kuwa ofisi haifai, wala barabara. Twasema tu ya kuwa katika kupanga mambo, yale yasiyoweza kungoja hustahili kusemwa kwanza, hasa wenyewe wasipoweza kusimama mkutanoni na kujisemea.

Sasa yatupasa kusema neno lililo zito. Mwaka 2022 watoto wa nchi yetu walipimwa katika uchunguzi mkuu wa afya. Ilionekana ya kuwa katika Tanzania nzima waliodumaa walikuwa kama 30 katika 100 ya watoto wasiotimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34. Kwa jumla ni habari njema. Lakini jumla ni kama blanketi, yaweza kufunika mengi. Katika mkoa wa Iringa, ule uliofundisha wengine, waliodumaa walikuwa kama 57 katika 100, ambapo katika uchunguzi uliotangulia walikuwa 42. Njombe na Rukwa walikuwa kama 50. Mikoa hii ndiyo ilishayo nchi mahindi na viazi; malori yatoka huko yamejaa usiku na mchana.

Tuseme kwa uangalifu. Kipimo cha miaka ya 1980 kilikuwa cha uzito, na hiki ni cha urefu. Havilinganishwi kama shilingi kwa shilingi. Wala hatusemi ya kuwa kazi ile ya kwanza ilikuwa bure. Walakini mambo mawili ni wazi. La kwanza, wingi wa mahindi shambani si lishe ya mtoto, kama wazee wa vijiji vile walivyoona wenyewe katika kamati zao. La pili, hesabu si mche wa kahawa, upandwao mara moja ukazaa miaka mingi. Ni kama shamba la mahindi, lalimwa kila mwaka. Kizazi kilichofahamu rangi za kadi chazeeka, na watoto wanaopimwa leo wana mama wengine, bei nyingine na kazi nyingine. Kila kizazi chapaswa kuuliza maswali yale matatu upya.

Basi yatupasa kutenda nini? Wengine watangoja mpango mkubwa. Mpango uko: Serikali ilitoa mwezi wa Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka 2021/22 hadi 2025/26. Lakini mpango wa taifa haujui kisima cha kijiji chako kilipo. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila miezi mitatu, na watoto hupimwa kwenye zahanati na katika siku za afya na lishe za vijiji. Daraja iliyokosekana kati ya vitu viwili hivi mara nyingi ni fupi: mtu mmoja wa kuichukua hesabu na kuisoma mkutanoni. Ninyi waalimu na wazee wa sharika, mnaojua kusoma na kuaminiwa na watu, mwaweza kuwa daraja hiyo.

Twashauri mambo manne. Kwanza, hesabu isomwe bila jina la mtoto wala la mama. Majina yabaki kwa mhudumu wa afya, aendaye nyumbani kwa siri. Pili, ulizeni wangapi hawakuja kupimwa, maana huenda hao ndio wenye shida kupita wote. Tatu, msiondoke mkutanoni bila tendo moja lenye jina la mtu na siku yake, hata likiwa dogo: nani atalinda watoto wakati wa palizi, nani atafukua kisima. Nne, safari ijayo isomeni hesabu tena, ili mjue kama tendo lile lilifaa.

Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, wala mtoto hanenepi kwa kupimwa. Mizani haina huruma na haina ukatili, yasema tu. Huruma au ukatili hutoka kwa sisi tuliosikia. Kama tumechukua uzito wa mtoto na tusimrudishie kitu, mama yake ana haki ya kutuuliza kwa nini tulimvua nguo katika baridi. Hesabu tuliyoichukua mikononi mwake ni deni. Na deni hulipwa kwa yule aliyekopesha, pale pale alipokopesha.